Kosa la Uchapaji

Siku ile Mwalimu Salama Shekiondo alipongezwa mara kumi na moja kabla ya saa nane mchana, na kila pongezi ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mtihani wa hisabati wa watahiniwa wa kujitegemea ulikuwa umefanyika asubuhi, na wanafunzi wake wa tuisheni, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, walitoka ukumbini wakapitia moja kwa moja kwake, nyuma ya soko la Korogwe, kumpa habari. Wa kwanza kufika alikuwa Stumai, muuza chipsi wa pale stendi, aliyekuwa akirudia somo hilo kwa mara ya tatu, maana chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwambia wazi kwamba alete hisabati aliyofaulu, na ailete mwaka huu, mwakani umri wake hawaupokei tena. Aliingia anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Mwalimu wangu, wamelitoa!" alisema, hata kukaa hakukaa. "Swali la kumi na nne, lile lenye alama nyingi. Eksi mraba, jumlisha eksi nne, toa saba, sawa na sifuri. Nikatafuta jozi ya saba. Moja na saba tu, na tofauti yake sita, mimi nataka nne. Nikajisemea, hee, kumbe hata watunga mitihani wanakosea kuchapa! Nikaikata saba, nikaandika tano, na pembeni nikaweka maneno yako, 'kosa la uchapaji'. Basi ikatoka yenyewe, moja na hasi tano. Hilo swali ndilo lililonivusha, mwalimu, maana yale mengine nilibabaisha."

"Mimi pia nimewarekebishia," akadakia Kibwana, dereva wa bodaboda, aliyeingia nyuma yake na kofia ngumu kwapani. "Tena nimewaandikia kwa kalamu nyekundu ili wajifunze. Madam, hawa jamaa watuajiri."

Wakacheka wote, na Salama akacheka nao, kwa kuwa uso wake ulishazoea kucheka mbele za watu hata moyo ukiwa umekaa chini. Stumai akamshika mkono. Kesho asubuhi, alisema, anamkabidhi mwenzake Mwajabu kabati la chipsi, jiko na ile nafasi yake ya stendi ambayo watu wameimezea mate miaka minane. Yeye na mafuta ya moto basi. "Na leo jioni hupiki. Tunakuja na sufuria la pilau. Utake usitake." Wakaenda zao wakipiga kelele njia nzima, na mtaa mzima ukajua kwamba wa Mwalimu Salama wamefaulu.

Mambo haya yalikuwa na chanzo chake, na chanzo chenyewe kilikuwa kidogo mno. Miaka sita nyuma, darasa lake likiwa bado na watu saba, mmoja alimletea swali la namna hiyo kutoka kitabuni, swali lisilokubali kugawanyika katika vigawo vizuri, na Salama akasimama ubaoni jasho likimtiririka mgongoni. Akageuka, akasema, "Hawa wachapaji walikuwa wamelewa." Darasa likavunjika mbavu. Akafuta namba moja, akaweka nyingine, swali likafunguka, watu wakapiga makofi. Alhamisi ya wiki ile ile alikaa na daftari lake la zamani la chuo cha ualimu akakumbuka njia yenyewe, njia ndefu ya kukamilisha mraba. Aliikumbuka vizuri kabisa. Lakini siku ya pili yake darasa lilikuwa na watu kumi na tisa, waliokuja kumwona mwalimu anayewatukana wachapaji, nao walikuwa wamechangamka. Ukawaambie nini watu waliochangamka? Tangu hapo kila swali gumu likawa kosa la uchapaji, na tuisheni ya mzee mmoja aliyefundisha ng'ambo ya barabara, ambako maswali yaliumiza vichwa, ikafa yenyewe kwa kukosa watu.

Mchana ule, basi, alipobaki peke yake, alijilaza kwenye benchi la mbele, kichwa juu ya rundo la madaftari. Nje wauza nyanya walikuwa wanagombana, bati likilialia kwa jua. Alijiambia atafumba macho kidogo tu apange maneno ya kuwaambia jioni, au apange namna ya kutoyasema, na katika kupanga huko usingizi ukamchukua mzima mzima.

Akajiona amesimama kwenye barabara nyeupe, nyeupe ya chaki iliyosagwa, ikipanda unga mpaka magotini kila alipokanyaga, na pande zote mbili za barabara hapakuwa na nyasi wala mti, ila mistari ya daftari iliyochorwa ardhini mpaka mwisho wa macho. Mbele yake kulikuwa na mji wenye ukuta, na mlangoni mwa mji mwanamke wa kunawiri, amejifunga khanga mpya zenye kunukia duka bado, mikono imejaa bangili, na sauti yake ilimfikia Salama kabla mwenyewe hajafika.

"Karibu, shoga yangu, karibu! Umechelewa, watu wanakuulizia tangu asubuhi. Mimi ni Wepesi. Usijifanye hunijui, tumekaa nyumba moja miaka sita."

Wepesi akamshika kiuno kama mtu anavyomshika bibi harusi, akamwingiza katika ukumbi ambao Salama hakuwahi kuona ukubwa wake. Watu walikuwa wamekaa mpaka madirishani. Jukwaani alikuwapo Sifa, bwana mnene mwenye ngoma kifuani, macho yake yakizunguka daima kutafuta nani anamtazama. Wageni waliingia mmoja mmoja, na kila mgeni alikuwa na namba imeandikwa kwenye paji la uso, na kila alipofika katikati ya ukumbi alifunguka kifua kama mlango wa mbao mbili, ubao mmoja huku na mwingine kule, na ndani yake mkatoka mwanga. Hapo Sifa hupiga ngoma, ukumbi ukapasuka kwa vigelegele, na mgeni hujifunga tena akapita kwenda uani. Salama alipendezwa. Alipenda ukumbi uliojaa. Ndivyo alivyoumbwa, na hilo peke yake halikuwa dhambi.

Kisha akaingia mgeni mwenye saba. Akafika katikati, akasimama. Hakufunguka. Ngoma ikanyamaza. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akatazama mlango kama anayetaka kuondoka, na ule ukimya ukaanza kupanda kuta za ukumbi kama maji ya mafuriko. Wepesi akamwinamia Salama sikioni, pumzi yake tamu.

"Unauweza ukimya huu? Mimi siuwezi, nakwambia kweli. Watatoka wote sasa hivi. Fanya ile yako." Akamtilia mkononi kisu kidogo na kidau cha wino.

Mkono wa Salama ulijua kazi. Haukutetemeka hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko yote. Akaikwangua saba kwenye paji la uso wa yule mgeni, akaandika tano, na mgeni akafunguka mbao mbili, na ngoma ikalia, na watu wakamrushia Salama khanga na maua. Ni yeye tu, aliyesimama karibu, aliyeona kwamba ndani ya kifua kile hamkuwa na mwanga wowote. Kilikuwa kitupu kama debe.

"Hewa imekuwa nzito, natoka kidogo," alimwambia Wepesi.

"Huko nyuma hakuna raha," Wepesi akasema, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Mimi mwenyewe sijawahi kwenda."

Salama akafungua mlango wa nyuma akatokea uani, na uani kulikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi wameketi wale wote waliopita ukumbini, wamevaa nguo zao nzuri, vifurushi mapajani, wanangoja mbele ya lango la chuma. Langoni alikaa mtu mkavu, miwani puani, orodha mkononi. Aliitwa Mtahini. Hakuwa na hasira wala huruma. Alisoma, mtu akaitika, lango likafunguliwa, mtu akapita. Salama akamkaribia, na Mtahini akanena bila kuinua kichwa: "Mimi sina ubaya na mtu, mama. Nasoma kilichoandikwa, na anayekuja ndiye aliyeandikwa, au siye. Hayo tu." Kisha akapaza sauti. "Mwenye saba!"

Benchini hakuitika mtu.

"Mwenye saba, mara ya pili!"

Katika benchi la mbele kabisa mwanamke mmoja alimgusa mwenzake kwa kiwiko akacheka, "Masikini, huyo saba kalala wapi?" Na Salama akamtambua. Alikuwa Stumai, amevaa sare nyeupe ya wauguzi iliyopigwa pasi, na kwenye paji lake la uso, juu ya kovu la saba, ilikuwapo tano ya wino mbichi. Alikuwa anangoja aitwe mwenye tano, na mwenye tano hakuwamo katika orodha ile tangu ilipoandikwa.

Salama akageuka. Akakimbia. Alikimbia kuzunguka ukuta, akitafuta mtu yeyote wa kumsaidia, mpaka akamkuta nje ya mji fundi wa vigae, mwanamke mfupi, saruji mpaka kwenye viwiko na penseli nyuma ya sikio, amepiga magoti kwenye sakafu isiyokwisha.

"Unanikanyagia sakafu mbichi," fundi akasema. "Zunguka huko."

"Nisaidie, mama. Kuna mtu anaitwa kwa jina ambalo limefutwa."

"Najua. Mimi ni Haki. Watu hunitafuta mahakamani, nami nashinda huku kwenye vigae." Akasimama, akajinyoosha kiuno, akamwonyesha kazi yake kwa mwiko. "Tazama, kwa kuwa umekuja. Huu hapa katikati ni uwanja wa mraba, na upande wake hakuna aliyewahi kuupima. Ubavuni mwake nimetandika kibaraza chenye upana wa vigae viwili, na ubavu wa pili kibaraza kama hicho. Uwanja na vibaraza vyake, ukivijumlisha vyote, ni saba. Huyo ndiye mgeni wenu aliyekataa kufunguka. Unaona kinachomkosesha?"

Salama akatazama. Pale vibaraza viwili vilipokutana palikuwa na pengo, kona moja tupu.

"Kona."

"Kona. Ya viwili kwa viwili. Vigae vinne." Haki akavitia vigae vinne kwa mkono mmoja, akavigonga na mpini wa mwiko vikakaa, na sakafu yote ikawa mraba mmoja mkubwa usio na pengo. Halafu akasimama tu, anamwangalia Salama, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. "Na kule?"

"Kule wapi?"

"Kwenye ile saba, mama. Nimeongeza vinne huku. Nikiacha kule kama kulivyokuwa, nimeiba. Ninachoweka upande huu nakiweka na upande ule, hata kama hakuna anayetazama. Saba na vinne?"

"Kumi na moja," alisema Salama, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi.

"Kumi na moja. Hakuna aliyekwanguliwa uso. Saba bado ni saba, na mtu akiiita itaitika. Sasa upande wa mraba huu mkubwa, ukiuzidisha kwa wenyewe, ni kumi na moja. Mwulize mwenyewe ni ngapi."

Kando ya mraba, akiwa amejilaza sawasawa na urefu wake, palikuwa na kiumbe mwembamba aliyeitwa Kipeuo, naye alikuwa anahesabu taratibu, macho yamefumbwa: tatu nukta tatu, moja, sita, sita, mbili, nne, na namba zikatoka kinywani mwake kama uzi, zikapita miguuni mwa Salama, zikaenda zao gizani bila kurudia mtindo wowote.

"Haishi?" Salama akauliza.

"Haishi."

"Basi si ni kosa hili?"

Haki akauweka mwiko chini. "Neno hilo umelisema mara nyingi mno. Huyu hana kosa. Ndivyo alivyo, na mraba umesimama juu yake wala hautikisiki. Wako watu wengi katika nchi hii ambao hawafunguki mbao mbili kwa kugongwa mara moja. Wanataka mtu apige magoti, achafuke, atafute kona yao iliyo tupu. Wewe ulipoona kazi hiyo ni ndefu uliwabadilisha wao ili ukumbi usinyamaze." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Nikuulize moja, na unijibu kama unavyojibu ukiwa peke yako. Njia hii ulikuwa huijui?"

"Nilikuwa naijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ya wiki ile ile."

Haki hakumkemea. Alipiga magoti tena akaendelea na kazi yake, na hilo lilimuuma Salama zaidi ya kukemewa. Akarudi mbio uani, akamfikia Stumai, akailowesha ncha ya khanga yake kwa mate akaanza kumfuta ile tano kwenye paji la uso, na kadiri alivyofuta ndivyo ilivyong'aa, na mwandiko ule ulikuwa wake mwenyewe, tano yake yenye tumbo kubwa na mkia wa kukunja ambayo mtaa mzima uliijua. Stumai akausukuma mkono wake kwa adabu.

"Acha, mwalimu, utanichafua. Naitwa sasa hivi."

"Mwenye saba, mara ya tatu na ya mwisho," akasema Mtahini, akakunja orodha. Lango likafungwa bila kishindo. Na kutoka ukumbini, nyuma, ile sauti tamu ikamwita Salama arudi, watu wanamngoja, ngoma imeanza tena. Na ngoma ikalia karibu zaidi, karibu zaidi, mpaka ikawa mlio wa mfuniko wa sufuria.

Akaamka. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na darasa limejaa. Kibwana alikuwa anagonga mfuniko kwa mwiko wa pilau, watu kama ishirini wamekalia mabenchi, sahani zinapita mikononi, na Stumai, kajipaka wanja, amesimama mbele yake na sahani iliyojazwa minofu. Salama akawatazama wote. Alielewa ndoto yake papo hapo, kama mtu anavyoelewa kwamba ameungua, haikuhitaji mfasiri. Alielewa pia kwamba ukumbi ule ulikuwa huu, na kwamba ana dakika chache tu kabla hawajaanza kuimba.

"Kabati lako," alimwambia Stumai. "Usimkabidhi Mwajabu kesho."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Lile swali halikuwa na kosa. Saba ilikuwa saba. Ina njia yake, na njia hiyo sikuwafundisha. Mlichokifanya leo kwenye karatasi hakitapata hata alama moja, na mlikifanya kwa maneno yangu."

Kibwana akacheka peke yake. "Madam, ukiamka usingizini unakuwa na vichekesho."

"Sitanii, Kibwana."

Ukimya ukaja. Salama aliusikia unapanda, akaumwa na ulimi wake uliotaka kutupa neno moja tu la kuchekesha, akauacha ukimya uzidi kupanda. "Hata yale ya kitabuni hayakuwa na makosa," akaendelea. "Wachapaji hawakulewa. Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua," Kibwana akarudia, taratibu. Akaurudisha mfuniko juu ya sufuria. "Mimi nimewaandikia kwa kalamu nyekundu. Nyekundu! Huko waliko wanasomeana karatasi yangu." Akanyanyua sufuria kwa vishikio vyote viwili akatoka nalo, na wengine wakamfuata. Mama mmoja, mshonaji, aliyekuwa ameshaanza kula, alirudi akachukua na sahani iliyokuwa mbele ya mwalimu. Nje zilisikika sauti, kwanza za chini, halafu za juu, na kabla ya adhana ya magharibi habari ilikuwa imeshafika sokoni ikiwa na miguu na mikono.

Stumai alibaki. Alikuwa amekaa kwenye benchi, wanja umemshuka mpaka shavuni, hakuufuta. Alimpigia Mwajabu simu akamwambia asije kesho, amebadili mawazo, akakata kabla Mwajabu hajauliza. Kisha akaelekeza kidole ubaoni.

"Ifanye. Niione."

Salama akachukua chaki. Akaandika swali lenyewe, na chini yake akaanza. Saba akaivusha upande wa pili. Akaongeza nne huku, akaongeza nne kule, kumi na moja. Akaufunga mraba, eksi jumlisha mbili, yote kwa kipeo cha pili. Akatafuta kipeuo, chanya na hasi, akaitoa mbili. Akaweka chaki chini.

Stumai akasogea mpaka ubaoni, akaigusa kazi ile kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitikisika, kama anayetafuta sehemu iliyofichwa. Akarudia kutoka juu. Hakukuwa na kilichofichwa.

"Minne," alisema. "Mistari minne tu?"

"Minne."

"Mimi nilidhani kitu chenyewe ni kikubwa." Alisimama hapo, unga wa chaki kwenye ncha ya kidole, mgongo kwa Salama. Sokoni walikuwa wanafunga vibanda. "Futa," akasema. "Andika lingine, nilifanye mwenyewe."

Salama akangoja kidogo, kwa mazoea, asikie akiitwa mwalimu. Stumai alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba chaki, wala hakugeuka.